Wadoezi wa Alhamisi

Kudoea ni kazi, na kama kazi nyingine yoyote ina wanaoijua na wanaoiharibu. Wanaoiharibu huingia ukumbi wa maonyesho ya sanaa na kwenda moja kwa moja kwenye meza ya vinywaji, wakanyakua glasi mbili mbili, wakajaza panzi wa kukaanga kwenye leso, na Alhamisi inayofuata wanafungiwa mlango. Sisi hatukuwa hivyo. Sisi tulikuwa na utaratibu. Kwanza unazunguka ukumbi mzima, unatazama kila kitu, hata zile video, hata ile ya mtu anayekwangua ukuta kwa kijiko na haielekei kwamba atamaliza. Unasimama, unarudi nyuma kidogo, unainamisha kichwa upande. Unasoma kibao cha maelezo. Unatazama tena, kana kwamba kibao kimekusaidia. Baada ya hapo, na si kabla, unaweza kujikuta karibu na jibini.

Katika mtaa wetu wa San Rafael maonyesho hufunguliwa Alhamisi jioni. Zamani huu ulikuwa mtaa wa sinema na michezo ya kuigiza. Mimi mwenyewe nilikata tiketi dirishani kwenye sinema moja hadi ikafungwa ikabaki ya njiwa. Halafu wakaja vijana wenye suruali za kuishia juu ya kifundo, wakapangisha karakana na maghala, wakapaka kuta rangi nyeupe, wakaanza kutundika vitu. Watu wa mtaa walilalamika kwamba kodi itapanda, na kweli ikapanda. Nililalamika pamoja nao mpaka sauti ikanikauka, kisha nikaenda kuangalia wanagawa nini.

Tulikuwa watatu. Mimi naitwa Eulalia, ila hapa mtaani ni Lala. Wa pili ni Hortensia, ambaye kila mtu anamwita Tencha, mshonaji mstaafu wa magauni ya harusi, mwanamke asiye na haya wala breki. Wa tatu ni Evodio Barragán, mgane, aliyeendesha mabasi ya umeme hapa jijini Mexico tangu ujana wake mpaka walipompa saa ya ukutani wakamwambia apumzike.

Huyu Evodio hatukumtafuta. Tulimkuta siku moja amesimama mbele ya turubai jeupe lisilo na kitu, kofia mkononi, kama mtu aliyeitwa na daktari. Tukadhani ni mdoezi mwenzetu anafuata utaratibu. Lakini tulizunguka ukumbi wote, tukala, tukanywa, tukarudi, naye bado yupo pale pale. Tencha hakuweza kuvumilia.

"Mzee, hiyo umeshaitazama ya kutosha. Chakula kiko kule."

"Najaribu kuona," akasema Evodio.

"Kuona nini? Ni nyeupe!"

"Basi hiyo ndiyo siioni."

Tencha akamshika mkono akampeleka kwenye jibini, na tangu siku hiyo akawa wetu. Alikuwa mdoezi wa ajabu. Ilibidi tumkumbushe kula. Kwenye kazi moja alikaa muda ambao mimi na Tencha tulikuwa tumemaliza ukumbi mzima, na tukitoka anauliza maswali: kwa nini yule kafunga mawe kwa sufu, kwa nini yule kaandika jina la mama yake mara nyingi vile kisha akalifuta. Sisi tulikuwa hatujui. Hakuna mtu aliyekuwa ametuuliza kabla.

Sababu yake tuliijua jioni moja tukiwa tumeketi kwenye benchi, tunamalizia vilivyotoka nasi ukumbini.

"Mimi nina binti," akasema. "Anaitwa Yuridia. Ni msanii. Wa vitu kama hivi."

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Guadalajara, nasikia. Au Monterrey. Mara ya mwisho shangazi yake alisema amehama tena."

Akatueleza bila kutuangalia. Yuridia alikuwa akisomea uhasibu. Jioni moja alimpikia baba yake kile alichokuwa akikipika marehemu mama yake: pilipili kubwa iliyojazwa jibini, ikachovywa kwenye yai, ikakaangwa, ikamwagiwa mchuzi wa nyanya. Akamsubiri mpaka aliporudi kutoka kazini. Alipoketi, kabla hajagusa chochote, akamwambia kwamba uhasibu ameuacha na shule ya sanaa imemkubali. Evodio akaisukuma sahani.

"Nikamwambia, sanaa hailiwi. Nikaenda kulala na njaa, ili ajue nimekasirika. Asubuhi hayupo. Ni miaka kumi na moja sasa." Akapangusa makombo kwenye suruali. "Nguo nyingine aliziacha. Redio aliiacha. Alichukua sahani yangu."

"Sahani?"

"Ya bati. Ya buluu, ina madoa meupe, imebanduka ukingoni. Angechukua redio ningemwelewa."

Mimi lililonijia nililimeza. Tencha hajawahi kumeza neno maishani mwake.

"Sanaa hailiwi," akasema. "Na hicho ulichoshika ni nini?"

Evodio akaitazama ile tostada, mkate mkavu wa mahindi, mkononi mwake, ambayo ilikuwa imetoka kwenye ufunguzi wa maonyesho ya vigae vilivyovunjwa kwa makusudi. Akaila. Ukweli ni kwamba tangu astaafu, siku za Alhamisi sanaa ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

"Nikikutana naye sitaki nisimame kama gogo," akasema baadaye. "Nataka niwe na la kumwambia kuhusu vitu vyake. Lolote la maana. Asije akageuka akaondoka tena." Hapo nikamwelewa, na nikamwonea huruma kiasi cha kumwachia kipande changu cha mwisho.

*

Ndipo likabandikwa tangazo kwa Renata. Kwa Renata ni ukumbi ulio kwenye ile karakana ya zamani ya matairi, ambako mpaka leo siku za joto unasikia harufu ya mpira. Tangazo lilikuwa jeupe, na kwa herufi ndogo kama za kwenye pakiti ya dawa liliandikwa: Yuridia Barragán. Ufunguzi Alhamisi.

Evodio alilisoma, akavaa miwani, akalisoma tena. Kisha akatangaza kwamba haendi. Kesho yake akasema anakwenda. Keshokutwa yake akasema atakwenda ila atasimama nje. Tencha akachoka, akasema hapa dawa ni mazoezi, na tukafanyia mazoezi jikoni kwake, katikati ya sanamu zake mbili za mbao za kushonea zisizo na vichwa. Yeye alijifanya Yuridia. Alivaa shali nyeusi na kununa, maana aliamini wasanii wote wamenuna.

"Haya, mimi nimesimama hapa, unaingia. Sema."

"Habari za jioni, mwanangu."

"Hapana! Watu wote watasema habari za jioni. Wewe sema kitu cha kazi yake. Sema: nafasi tupu inazungumza."

"Inasema nini?"

"Usiulize, sema tu!"

"Na akiniuliza yeye inasema nini?"

Tencha akanigeukia mimi. "Unafumba macho kidogo," nikamwambia, "halafu unaitikia kwa kichwa polepole. Nimemwona profesa mmoja akifanya hivyo akapewa glasi ya pili."

Baada ya kujaribu mengi, mengine yakimshinda kutamka, tulibaki na sentensi moja ambayo ingefaa kwa jambo lolote: Kazi hii ina ukimya mzito. Evodio aliipenda. Shida ni kwamba aliisema kwa sauti ya kutangaza kituo kinachofuata, na ungesubiri milango ifunguke. Tulirudia mpaka ikalainika kidogo. Aliifanyia mazoezi hata kwa muuza magazeti, aliyemjibu kwamba yeye hana shida na ukimya, shida yake ni wateja.

Siku ya siku alivaa suti aliyoolea. Tencha alikuwa ameipunguza kiunoni na kuipasi mpaka ikasimama. Tulifika kona ya kwa Renata mapema, watu bado wachache, na Evodio akaona mlango akageuza njia.

"Tuanzie kwingine," akasema. "Nipashe misuli moto."

"Unaenda kucheza mpira?" akauliza Tencha, lakini tukamfuata.

Tuliingia kwanza nyumba moja ya maonyesho upande wa barabara ya Sadi Carnot. Chumba kilikuwa giza totoro, na ndani yake mlikuwa na mngurumo tu, kama wa jokofu bovu. Kijana mmoja mwenye hereni akasimama karibu nasi, na kwa jinsi alivyokuwa akituangalia sisi badala ya kuangalia giza, tukajua ndiye mwenye kazi. Evodio akamsogelea, akavuta pumzi.

"Kazi hii ina ukimya mzito."

"Mzee," akasema kijana, "kazi hii ni sauti."

Tukatoka. Evodio alikuwa ameloa jasho. Nikamwambia usijali, yule ni wa sauti, bintiyo bila shaka ni wa ukimya.

Nyumba ya pili ilikuwa na rundo la malimau katikati ya sakafu, yamepangwa yakawa kama mlima mdogo, taa imeyamulika. Basi tukafuata utaratibu. Tukasimama, tukarudi nyuma, tukainamisha vichwa. Evodio akachuchumaa akayatazama kwa chini. Mimi nilianza kuona kitu, nasema kweli, kitu cha utoto wangu kwa bibi yangu. Akaja binti mwenye kisu, akachukua limau la juu kabisa, akalikata vipande vya kuwekea kwenye glasi za meskali, ile pombe kali ya huku kwetu. Kazi zenyewe zilikuwa chumba cha ndani.

Tencha aligeuka mwekundu. Sijamwona hivyo tangu siku bibi harusi mmoja alipoongezeka unene wiki ya ndoa.

"Nimesimama mbele ya malimau," akasema tulipofika nje. "Nimeinamisha kichwa kama niko msibani, kwa malimau ya baa! Sirudii tena. Nimemaliza. Kuanzia sasa nikiona chakula, nakila."

Ningemjibu pale pale. Lakini macho yangu yalikuwa kwa Evodio, aliyekuwa ameshika njia ya kwa Renata mwenyewe bila kusukumwa.

*

Kwa Renata ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Ukutani hakuna kitu. Katikati palikuwa na meza moja ya mbao, kiti kimoja, na taa moja ikining'inia juu yake. Mezani palikuwa na chakula. Mtu wa vinywaji alikuwa amechelewa, meza yake ya pembeni bado imefunikwa, na watu walisimama kandokando ya kuta wakiongea chini chini na mikono mitupu, jambo ambalo hulioni mara kwa mara kwenye ufunguzi.

Evodio alikwama mlangoni. Jina la bintiye lilikuwa limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, Barragán nzima, na alikuwa akilitazama akilipapasa kwa midomo. Nikabaki naye. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, kwamba nilimwacha Tencha aende peke yake.

Tencha hakuzunguka. Hakurudi nyuma wala hakuinamisha kichwa. Alikwenda moja kwa moja mezani, akafunua kitambaa cha tortila, ile mikate myembamba ya mahindi, akatoa moja, akaikunja, akaichovya kwenye mchuzi uliokuwa kwenye sahani, akang'ata.

"Bibi!" Mlinzi, Wilfrido, alikuja mbio. "Bibi, hiyo ni kazi!"

"Najua ni kazi, mwanangu," akasema Tencha akitafuna. "Aliyeipika kajitahidi."

Watu wakageuka. Renata akatokea, mwanamke mrefu mwenye miwani mizito, aliyekuwa akitustahimili miaka yote kwa sababu tulipendeza kwenye picha anazowatumia wafadhili: wazee wa mtaa wakifurahia sanaa. Akaitazama tortila. Akautazama mdomo wa Tencha.

"Umekula kazi," akasema.

"Nimeonja tu."

"Soma kibao."

Kibao kilikuwa kidogo, na Tencha miwani hana. Nikasoma mimi kwa sauti, maana mtu alilazimika kufanya kitu. Meza, kiti, sahani, mlo. Mlo hupikwa upya kila siku ya maonyesho. Hauguswi.

"Kila mji ilikokwenda," akasema Renata, "hakuna mtu hata mmoja aliyeigusa. Hata mmoja!"

"Basi wametupa chakula kizuri," akasema Tencha.

Renata akamwambia Wilfrido atutoe, wote watatu, na asituruhusu tena kamwe, si leo, si Alhamisi yoyote. Akatuonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, na kidole kikafika kwa Evodio, aliyekuwa amesogea nyuma yangu bila mimi kumsikia. Nilitamani ardhi ipasuke immeze Tencha, na Tencha peke yake. Mtu alikuwa amejifunza kutazama kuta nyeupe kwa ajili ya jioni hii. Alikuwa amevaa suti. Sasa angetolewa kwa kushikwa kiwiko, kwa sababu ya nusu tortila, na mtoto wake angesikia kutoka kwa wengine kwamba wazee fulani wadoezi wamemharibia kazi, na mmoja wao ana jina kama lake.

"Haya, mzee," akasema Wilfrido kwa upole, maana alitufahamu, akamshika kiwiko.

Evodio hakusogea. Alikuwa akiitazama sahani. Nami ndipo nikaitazama. Ilikuwa ya bati. Ilikuwa ya buluu, na madoa meupe, na ukingoni rangi imebanduka. Juu yake pilipili moja kubwa, imevaa yai, ndani ya mchuzi mwekundu wenye alama ya tortila ya Tencha.

Akaubandua mkono wa Wilfrido kama ambavyo bila shaka aliwahi kubandua mikono mingi milangoni mwa basi. Akavua kofia. Akavuta kiti, akaketi, kofia akaiweka gotini.

"Mzee, ondoka hapo," akasema Renata.

"Hiki ni changu."

"Hiki ni kazi ya sanaa!"

"Nilipikiwa mimi," akasema Evodio, akaanza kula.

Hakula kwa adabu ya Alhamisi. Alikula kama dereva aliyetoka zamu, kichwa chini, mkono mmoja ukiizunguka sahani. Watu wakatoka kwenye kuta wakasogea. Simu zikainuliwa. Mwanamume mmoja mwenye skafu akamwinamia mwenzake, nami nikamsikia akisema, kwa sauti laini kabisa ambayo Evodio hangeifikia hata kwa mazoezi ya mwaka, kwamba kazi hii ina ukimya mzito.

Mlango wa nyuma ukafunguka akatoka mwanamke amevaa aproni, anafuta mikono. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Pua ilikuwa ile ile, na vile vile alivyosimama kwanza kabla ya kutembea, kama anayeangalia vioo vya pembeni vya basi.

"Yuri, usitoke," akasema Renata. "Kuna mtu... naita polisi."

"Usimwite mtu."

"Anakula kazi!"

"Naona," akasema Yuridia.

Akaja akasimama upande wa pili wa meza. Evodio alijua yupo, kwa sababu masikio yalimwiva, lakini hakuinua kichwa. Alikula pilipili yote na kikonyo chake. Akachukua ile nusu tortila aliyoing'ata Tencha na kuiacha mezani, akafutia mchuzi wote mpaka buluu ikaonekana. Kisha akaweka mikono mezani na kumtazama binti yake.

Nikaona midomo yake ikitafuta ile sentensi. Nikamsaidia kimoyomoyo. Tencha alikuwa akiitamka kabisa, bila sauti, nyuma ya mgongo wa Renata.

"Chumvi imepungua," akasema Evodio.

Nilifumba macho.

"Kama siku ile?" akauliza Yuridia.

"Siku ile sikuonja."

Nilipofumbua, Yuridia alikuwa amekamata ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilidhani ataipindua. Ningekuwa mimi, ningeipindua.

"Nililala na njaa siku ile," akasema Evodio.

"Na mimi pia," akasema Yuridia. "Kila mtu anajua ulilala na njaa. Shangazi anajua. Na mimi nilikuwa nimekaa jikoni mpaka asubuhi nasubiri urudi ule, hilo halijui mtu."

Evodio akaitikia kwa kichwa, polepole. Hii hatukuwa tumemfundisha kwa ajili ya hapa.

Yuridia akageuka akaondoka, akapita mlango wa nyuma. Mtu akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, maana waliona kazi imekwisha na ilikuwa nzuri. Yule wa skafu alikuwa akifuta macho. Evodio akabaki ameketi chini ya taa, mbele ya sahani tupu, akiangalia mlango uliofungwa, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyepitwa na basi ambalo yeye mwenyewe alipaswa kuliendesha. Nikasema moyoni, basi, ndiyo imekwisha, tumchukue twende. Nikamwendea.

Mlango ukafunguka tena kwa kupigwa teke, kwa sababu Yuridia hakuwa na mkono wa kuufungulia. Mkono mmoja ulikuwa na kiti cha plastiki, mwingine sufuria, na chumvi ilikuwa mfukoni mwa aproni.

"Sogea," akasema.

Evodio akasogea. Yuridia akaketi, akaweka sufuria katikati ya kazi yake mwenyewe.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Sijamaliza."

"Najua. Niongezee mchuzi."

Akamwongezea. Renata akainama akamuuliza kwa kunong'ona kesho wataweka nini, kuna watu wanakuja kutoka Houston kuiona sahani. Yuridia akamwambia kesho hakuna sahani, sahani ni ya baba. Renata akavua miwani, akaivaa tena. Nadhani alikuwa anajaribu kuona.

"Mimi tangu mwanzo nilisema ni chakula," Tencha akamwambia Wilfrido.

Wilfrido akatutoa nje, maana amri ni amri na ilikuwa imebaki ya watu wawili. Mtu wa vinywaji ndiyo kwanza alikuwa anafika. Tukachungulia kwenye kioo kidogo cha mlango. Watu wa simu walikuwa wamekwisha kuchoka na kuifuata meskali, na pale katikati wale wawili walikuwa wanakula tu, Yuridia anachukua chumvi, baba yake anapokea. Tukarudi nyumbani na njaa, mimi na Tencha, kwa mara ya kwanza tangu tuianze kazi hii. Nililia kidogo njiani. Tencha akaniambia ni njaa.

Alhamisi iliyofuata tulimsubiri Evodio kwenye kona. Hakutokea. Tencha, ambaye hapendi kusubiri, akampigia simu, akaiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Uko wapi wewe? Kuna ufunguzi wa vioo, wamesema kutakuwa na tamale za nyama!"

Sauti ya Evodio ilikuja nzito, mdomo umejaa.

"Leo siwezi," akasema. "Nimealikwa."